Wimbi hubeba nguvu, si maji

Nilitupa kifuu cha nazi baharini, mbali na pale mawimbi yanapovunjika. Kilipanda, kikashuka, wimbi likapita, likakiacha. Wimbi husafirisha nguvu, maji yenyewe hubaki karibu palepale.

Ndivyo tetemeko la Sumatra la Desemba 26, 2004 lilivyotufikia. Si maji ya Indonesia yaliyokuja, bali nguvu, ikivuka kilindi cha Bahari ya Hindi kwa kasi inayokaribia ya ndege. Penye kina kifupi, wimbi hupunguza mwendo na kuinuka. Dar es Salaam, waogeleaji walikufa.

Basi ukiona bahari inakupwa ghafla na si wakati wake, usishuke kuokota samaki. Kimbilia mahali pa juu.