Nakala Haimjui Mwenyewe: Namna Mifumo ya Mtandaoni Inavyopaswa Kulinda Hati za Wananchi

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mwananchi anapopakua fomu ya maombi kutoka katika tovuti ya taasisi ya umma, na mtumishi anapopakua hati yake ya mshahara kutoka katika mfumo wa taasisi hiyo hiyo, kwa macho wote wawili wamefanya jambo moja: wamebonyeza kiungo na faili limefunguka. Hata hivyo, mafaili hayo mawili yanapaswa kushughulikiwa kwa namna tofauti kabisa. Tofauti hiyo isipozingatiwa, hati ya mtu mmoja inaweza kuishia mikononi mwa mwingine bila mfumo kudukuliwa wala nywila kuibwa.

Fomu, nembo, picha na matangazo ni mafaili yanayofanana kwa kila msomaji. Ili yafike haraka, nakala zake huwekwa katika hifadhi ya muda, ambayo wataalamu huiita kache. Kache ipo ndani ya kivinjari cha simu au kompyuta ya msomaji, na ipo pia katika seva za kati zilizo karibu na watumiaji. Mtu wa kwanza anapoomba faili, seva ya kati hulichukua kutoka seva kuu na kubaki na nakala. Wa pili na wa elfu moja hupewa nakala hiyo hiyo. Ukurasa hufunguka upesi, matumizi ya bando hupungua na seva kuu haielemewi siku ya tangazo linalosubiriwa na wengi.

Tatizo ni kwamba nakala haimjui mwenyewe. Kwa kawaida seva ya kati hutambua faili kwa anwani yake, si kwa jina la aliyeliomba. Ni sawa na ofisi ambayo matangazo hubandikwa ubaoni, ilhali majalada ya watumishi hukaa masjala na hayatoki bila idhini. Mhudumu wa masjala akitoa nakala ya jalada na kuiacha mapokezi ili asipande ngazi tena, kazi itakwenda haraka, lakini kufuli la masjala litakuwa halina maana.

Jambo hilo limewahi kutokea. Tarehe 25 Desemba 2015, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta la Steam, linalomilikiwa na kampuni ya Valve ya Marekani, lilishambuliwa kwa wingi wa maombi bandia. Katika jitihada za kulipunguzia mzigo, kache ilipangwa kimakosa, na baadhi ya wateja wakaonyeshwa kurasa za wateja wengine. Valve ilieleza kuwa kurasa zilizohusika zilikuwa za watu wapatao 34,000, na baadhi zilikuwa na anwani zao na historia ya manunuzi.

Kinga yake inajulikana. Kwanza, faili binafsi halihifadhiwi mahali panapofikiwa moja kwa moja kutoka intaneti. Mfumo humtambua mwombaji, huthibitisha haki yake, kisha ndipo huiamuru seva imkabidhi faili. Jina refu la faili lisilokisiwa kwa urahisi si mbadala wa ukaguzi huo.

Pili, kila faili huambatana na maelekezo kwa kache. Faili la umma huruhusiwa kuhifadhiwa popote. Faili binafsi huhifadhiwa katika kivinjari cha mhusika pekee. Hati nyeti haihifadhiwi kabisa. Lipo pia agizo la kati: kivinjari kitunze nakala, lakini kiulize kabla ya kuitumia. Seva ikithibitisha kuwa mtumiaji bado ana haki na faili halijabadilika, hujibu kwa msimbo 304, yaani tumia nakala uliyonayo. Kwa njia hiyo kasi na faragha huenda pamoja.

Tatu, baadhi ya mifumo hutoa kiungo chenye sahihi ya kidijitali na muda wa ukomo. Kiungo hicho ni sawa na hati ya kuchukulia mzigo: aliyenacho ndiye hupewa, hadi muda uishe. Kwa sababu hiyo, hakifai kusambazwa katika makundi ya WhatsApp.

Mwananchi naye ana wajibu wake. Anayetumia kompyuta ya steshenari atambue kuwa kutoka kwenye akaunti hakufuti hati aliyokwisha kuipakua. Aifute katika folda ilimohifadhiwa na katika pipa la taka la kompyuta, kisha afute kumbukumbu za kivinjari. Akitaka kujiridhisha kuhusu usalama wa hati yake, afungue kiungo chake katika kivinjari ambacho hajaingia kwenye akaunti. Kikiendelea kufunguka siku baada ya siku bila kuuliza lolote, aiarifu taasisi husika mara moja.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu kuzilinda, na mwananchi asiyeridhika anaweza kuwasilisha malalamiko yake kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mfumo wenye kasi ni huduma njema, lakini kasi hiyo isipatikane kwa kuacha jalada la mwananchi mezani.