MUZIKI: Nyimbo za kale zarejea sokoni, je, mavuno ni ya nani?

KWA miaka mingi, nyimbo zilizotikisa kumbi za Nairobi, Mombasa na Kisumu baada ya uhuru zilibaki katika santuri zilizopasuka, kanda zilizokwaruzika na kumbukumbu za wazee.

Sasa nyimbo hizo zinarejea kwa kasi. Baadhi zimetolewa Nairobi, lakini nyingi zimetolewa London na Paris kisha zikapata wanunuzi ambao hawakuwa wamezaliwa ziliporekodiwa.

Marejeo hayo ni ya aina mbili. Kuna albamu ya zamani inayochapishwa upya ilivyokuwa, na kuna mkusanyiko, ambapo nyimbo za wasanii mbalimbali huteuliwa na kuwekwa pamoja kwa mujibu wa mtindo, mji au kipindi.

Kwa muziki wa Afrika Mashariki, aina ya pili ndiyo imeshamiri, na sababu yake ni ya kihistoria. Soko la Kenya katika miaka ya 1960 na 1970 lilitawaliwa na santuri ndogo zilizobeba wimbo mmoja kila upande. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, msikilizaji akalazimika kugeuza santuri ili kuumalizia. Wanamuziki wengi mashuhuri hawakuwahi kutoa albamu kamili bali nyimbo mojamoja, na ni nyimbo hizo ambazo watayarishaji wa leo wanazikusanya.

Wapenzi wa taarab wamefaidi mapema. Kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa ilianzisha mfululizo wa Zanzibara mwaka wa 2005, na toleo la pili likatengewa taarab ya Mombasa ya kati ya 1965 na 1975. Mwaka wa 2007, Topic Records ya Uingereza ilitoa “Poetry and Languid Charm”, mkusanyiko wa nyimbo za Waswahili wa Kenya na Tanzania za kuanzia miaka ya 1920 hadi 1950.

Muziki wa dansi nao ulipata nafasi yake mwaka wa 2016, Sterns ilipotoa “Urgent Jumping!”. Soundway, nayo ya Uingereza, ilikuwa imetoa “Kenya Special” mwaka wa 2013 na kuthibitisha kwamba Kenya haikuwa na benga na rumba pekee, bali pia vijana waliopiga funk na soul kwa lugha zao.

Nyumbani, Ketebul Music ya Nairobi ilifuata mkondo tofauti. Katika “Retracing the Benga Rhythm” ya 2008, iliambatanisha nyimbo na kitabu na filamu, ili msikilizaji ajue nani alipiga gita na benga ilitoka wapi. Kazi kama hizo zilifuata kuhusu muziki wa Wakikuyu mwaka wa 2010, na nyimbo za kupinga dhuluma mwaka wa 2013.

Je, wimbo wa miaka 50 huhuishwa vipi? Kwanza hutafutwa kanda asilia, yaani ile iliyorekodiwa studioni. Ikiwa ilipotea au kuozea ghalani, mtayarishaji hutafuta santuri iliyotunzwa vyema kwa watu binafsi. Husafishwa, huchezwa kwa sindano nzuri, sauti huingizwa kwenye kompyuta, kisha fundi huondoa mikwaruzo mmoja baada ya mwingine.

Hapa pana hatari. Fundi akizidisha kusafisha, huondoa pia mng’ao wa gita na pumzi ya mwimbaji. Ndiyo maana baadhi ya matoleo bora bado yana mchakacho kidogo.

Hata hivyo, kazi ngumu zaidi si ya fundi bali ya kumtafuta mwenye mali.

Kisheria, kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili zinazotofautiana. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na sauti. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, ambayo aghalabu humilikiwa na kampuni iliyogharamia studio.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 hulinda utunzi katika uhai wa mtunzi na kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Rekodi hulindwa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa.

Mfano mwafaka ni marehemu Joseph Kamaru, gwiji wa muziki wa Wakikuyu, aliyefariki Oktoba 2018. Miongoni mwa kazi zake ni wimbo kuhusu mauaji ya mbunge J.M. Kariuki ya mwaka wa 1975. Rekodi iliyofanywa mwaka huo ililindwa hadi mwisho wa 2025. Lakini utunzi wake unalindwa hadi mwisho wa 2068.

Maana yake ni kwamba, hata muda wa rekodi ukiisha, anayetaka kuichapisha na kuiuza bado atahitaji idhini ya warithi wa mtunzi. Familia isiyojua hilo inaweza kuamini kwamba haina chake tena, na kumwachia mfanyabiashara mrabaha wa miongo kadhaa.

Familia ya Kamaru haikusubiri kutafutwa. Mjukuu wake, anayeitwa pia Joseph Kamaru na kufahamika kama KMRU, amekuwa akisafisha nyimbo za babu yake na kuzitoa upya mtandaoni. Mwaka wa 2025, lebo ya Disciples ilitoa mkusanyiko wa nyimbo hizo uitwao “Heavy Combination 1966-2007”.

Mjukuu huyo ni msanii kwa haki yake. Albamu yake “Peel” ya 2020, isiyo na ngoma wala maneno, haifanani hata kidogo na gita la babu. Mwaka huohuo, kundi la Duma la Nairobi lilitoa albamu ya kelele na mayowe kupitia Nyege Nyege Tapes ya Uganda, huku Sauti Sol wakitoa “Midnight Train”.

Kazi hizo tatu hazina mtindo mmoja, ila zitakabiliwa na swali moja miaka 50 ijayo: faili asilia ziko wapi, na nani alitia saini nini? Santuri iliweza kukaa chini ya kitanda kwa nusu karne na bado ikalia. Faili iliyomo kwenye kompyuta iliyoharibika hailii tena.

Kwa msanii chipukizi, funzo ni kuhifadhi nakala za rekodi zaidi ya mahali pamoja, kuandika majina ya wote walioshiriki, kusajili kazi yake kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO) na kuweka mikataba mahali ambapo warithi wake wataipata.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wapiga gita wengi wa enzi ya santuri walikuwa na mali, ila daftari lilishikwa na wengine.