Je, Wajua? Kisiki cha Muyombo Hakijafa

Muyombo, yaani mti wa miombo, uliokatwa kwa ajili ya makaa kwa kawaida bado u hai. Ukitoka mjini Kamina kuelekea kambi ya jeshi ya Base, inama utazame kisiki cha mwaka jana: kimezungukwa na machipukizi, na wiki chache kabla ya mvua majani yake machanga huwa mekundu. Mizizi imeshikana na kuvu wa ardhini wanaoipa maji na madini. Baadhi ya kuvu hao ndio wanaotoa uyoga tunaokula mvua zikianza.

Basi kuurudisha msitu si lazima kuanze na miche. Shida moja kubwa ni moto. Mwaka 1933 huko Ndola, Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Katanga, viwanja vya miombo vilitengwa: kimoja kikichomwa mapema kiangazi, kingine mwishoni, kingine kikikingwa kabisa. Moto wa mwishoni, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, uliangamiza miti. Ule wa mapema uliiacha hai.

Jembe ni baya zaidi: visiki vikishang'olewa, hakuna cha kuchipua. Mikaratusi inayopandwa badala yake hutoa kuni upesi, sikatai, ila viwavi wengi tunaowala hutegemea majani ya miombo.

Ewe mchoma makaa, acha kisiki ardhini, bakiza machipukizi mawili matatu yenye nguvu, na kama ni lazima uchome nyasi, choma Mei, usingoje Septemba.