Swichi za ndani ya seli na mgonjwa aliyeacha kidonge

Miezi michache baada ya Ramadhani moja nilimpokea mzee ambaye bandama lake lilikuwa limevimba hadi kukaribia kitovu. Usiku akiloa jasho, amekonda, na akila matonge mawili tu anashiba. Nyumbani walikwishaamua kuwa ametupiwa kitu. Tulipopima damu, chembe nyeupe zilizidi 100,000 katika milimita moja ya ujazo, wakati mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 4,000 na 11,000 hivi.

Mzee huyu alijulikana kuwa na saratani ya damu ya aina sugu, ile inayokwenda polepole, na alikuwa akimeza kidonge kiitwacho imatinibu. Mwezi wa kufunga ulipoingia alikiacha ili asifungue. Idi ikapita, akajiona mzima, akaona hakuna haja ya kukirudia.

Ili kuelewa kosa lilikuwa wapi, ingia nami ndani ya seli. Kazi nyingi humo hufanywa na protini, na nyingi kati ya hizo zina swichi. Swichi yenyewe ni kitu kidogo: fosfeti, yaani fosforasi iliyoshikana na oksijeni. Ikipachikwa juu ya protini, protini hubadili umbo na kuanza kazi, au pengine kuiacha. Ikibanduliwa, hali hurudi ilivyokuwa. Vimeng'enya vinavyopachika huitwa kinasi, na mwili wa binadamu una zaidi ya aina 500 za hivyo. Fosfeti huchukuliwa kutoka ATP, ambayo ndiyo akiba ya nguvu ya seli. Edmond Fischer na Edwin Krebs waliugundua utaratibu huu katika misuli mwaka 1955 huko Marekani, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 1992.

Sote tuliopita madrasa tulisikia habari za nutfa, alaqa na mudgha. Ndani ya kiumbe huyo mchanga swichi hizi hazipumziki. Chukua mfano wa vidole. Mkono wa mtoto tumboni huanza kama kasia, bapa, bila vidole. Kisha seli zilizo kati ya vidole hupokea ujumbe, protini za ndani zinapachikwa fosfeti, na amri inafika kwenye jeni: seli hizo zife. Zinakufa, na kufikia wiki ya nane hivi vidole vimeachana. Seli nyingine kwa njia hiyo hiyo huambiwa zigawanyike, au zihame. Ujumbe ukiisha, swichi huzimwa. Hapo kwenye kuzima ndipo penye habari yetu.

Katika ugonjwa wa mzee wetu, kromosomu namba 9 na namba 22 hubadilishana vipande ndani ya seli moja ya uboho wa mifupa. Kromosomu fupi isiyo ya kawaida ilionekana kwanza Philadelphia mwaka 1960, na Janet Rowley wa Chicago ndiye aliyeonyesha mwaka 1973 kuwa ni kubadilishana vipande. Jeni mbili zilizokuwa mbalimbali huunganika na kutengeneza kinasi ambayo haizimiki. Inapachika fosfeti usiku na mchana, na uboho unazalisha chembe nyeupe bila kikomo. Ugonjwa huu haurithiwi, hauambukizi, wala si husuda ya jirani.

Imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, hukaa ndani ya kishimo kile ambacho ATP ingekaa. Kinasi ikikosa ATP haina fosfeti ya kupachika. Katika utafiti mkubwa ulioanza mwaka 2000, zaidi ya wagonjwa 80 kati ya kila 100 walioanza na dawa hii walikuwa hai baada ya miaka 10. Lakini angalia: dawa imezuia swichi tu. Seli zenye hitilafu mara nyingi bado zimo mafichoni, na kidonge kikiachwa, kishimo kinabaki wazi. Wapo wachache ambao daktari huwaachisha baada ya miaka ya vipimo vizuri, na huendelea kuwapima. Kujiona una nguvu si kipimo.

Dawa hii huzuia pia kinasi nyingine chache, mojawapo ikiwa ile inayohitajiwa na seli za rangi ya ngozi. Kwa hiyo baadhi ya wagonjwa weusi hubadilika na kuwa weupe kidogo. Namjua mama aliyesutwa na mawifi zake kuwa anapaka mkorogo, masikini, na kumbe ni kidonge.

Jambo zito zaidi ni mimba. Swichi ambazo dawa inazizuia, kiumbe tumboni anazitumia kujijenga, na dawa inaweza kumdhuru. Mwanamke anayeitumia azungumze na daktari kabla ya kutafuta mtoto. Akigundua tayari ana mimba, aende hospitali siku hiyo hiyo, asijiamulie peke yake. Kunyonyesha nako hakushauriwi.

Kuhusu saumu, daktari wako ndiye atakayekuambia kama hali yako inaruhusu kufunga, na mgonjwa ana ruhusa ya dini ya kula. Anayeruhusiwa kufunga asiache dawa. Dozi ya kawaida ni miligramu 400 mara moja kwa siku, pamoja na chakula na maji mengi, hivyo huingia vizuri baada ya kufuturu. Epuka balungi, maana huongeza dawa mwilini. Na kama unatumia mitishamba yoyote, mtajie daktari bila kuficha.

Mzee alirudishiwa kidonge chake. Wiki chache baadaye chembe zilishuka na bandama likaanza kunywea. Ramadhani iliyofuata mkewe alikiweka kwenye kisahani kando ya tende.