Simu Ina Alama Zote, Mbona Haiendi?

Tuseme mtu yuko Gairo, kando ya njia kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, ana magunia yake ya mahindi sokoni, na mnunuzi amekwisha kukubali bei. Fedha zitapita katika simu. Atazama simu yake ya mkononi: alama zimejaa zote. Apiga, haiendi. Apiga tena, haiendi. Nalo lori languruma, lataka kuondoka.

Watu husema mnara umekufa. La, haukufa, alama zile ni ushahidi kwamba simu yausikia mnara. Taabu ni kwamba mnara hauisikii simu. Maana mazungumzo haya yana njia mbili. Katika mtindo wa zamani wa simu hizi, ambao ungali ukitumika, simu husema kwa mawimbi ya megahezi 890 hadi 915, yaani mapigo milioni 890 hadi 915 kwa sekunde, na mnara hujibu kwa megahezi 935 hadi 960. Nguvu ya simu haizidi wati 2, na sauti yake ifikapo mnarani imedhoofika mno. Basi mnara ni kama mzee ategaye sikio amsikie mtoto anong'onaye ng'ambo ya bonde. Mtu akipiga debe karibu na mzee, mzee hasikii neno, ingawa yeye akisema wote wamsikia.

Na mpiga debe ni nani? Mara nyingi ni chombo cha biashara kisicho na nia mbaya. Katika mkutano wa Atlantic City mwaka 1947 mataifa yaligawa dunia sehemu tatu kwa kugawanya mawimbi. Afrika na Ulaya zimo katika sehemu ya kwanza, Amerika katika ya pili. Huko Marekani megahezi 902 hadi 928 zimeachwa huru kwa vyombo vingi vidogo, kama simu za mezani zisizo na waya. Linganisheni hesabu hizo na zile za kwanza, mtaona zinavyopandana. Chombo kisichomdhuru mtu Chicago, kikiwekwa dukani Gairo, chapiga kelele ndani ya sikio la mnara.

Ziko pia mashine za kukuza mawimbi, zifungwazo juu ya paa. Antena ya nje ikikaribiana na ya ndani, mashine hujisikia yenyewe ikalia, kama kipaza sauti kilichowekwa mbele ya spika. Hizi ndizo tuzichukiazo zaidi, kwa kuwa mwenyewe huona simu yake imepona, na jirani zake ndio wapatao taabu.

Mafundi hukitafuta chombo kwa antena ya mkono. Huielekeza huku na huku mpaka kelele izidi, huchora mstari katika ramani, kisha huenda mahali pengine na kuchora tena. Mistari ikatapo ndipo penye nyumba. Huko huzima chombo kimoja kimoja mpaka kelele inyamaze. Wenyeji waweza kuwasaidia sana kwa kuandika saa za taabu. Umeme wa mji ukikatika na simu zikapona papo hapo, mkosaji hula umeme huo, kwani mnara una betri zake.

Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2010 yataka vyombo kama hivi vikubaliwe kwanza na Mamlaka ya Mawasiliano. Kwa hiyo mwenye duka na amwulize muuzaji juu ya kibali hicho kabla hajatoa fedha.