Mvuke Uuao Moyo

Moyo wa mtu wapata ukubwa wa ngumi yake, nao hupiga mara 100,000 hivi kwa siku moja. Mapigo yake huongozwa na nguvu ndogo ya umeme, ipitayo katika nyama ya moyo kwa utaratibu. Utaratibu huo ukivunjika, damu haiendi tena, na mtu hufa kwa dakika chache.

Wako vijana wavutao puani mvuke wa gundi au petroli ili walewe. Mvuke huo huingia mapafuni, kisha hufika upesi moyoni, ukaufanya mwepesi wa kushtuka. Kijana akikimbia au akiogopa ghafula, mwili hutia adrenalini katika damu, kama ilivyo desturi yake. Moyo mzima hupiga mbio tu. Lakini moyo uliolewa mvuke hutetemeka ovyo, kisha husimama.

Mwaka wa 1970 mtaalamu mmoja wa Marekani, Millard Bass, aliandika habari za vijana 110 waliokufa ghafula namna hiyo. Baadhi yao walikuwa wametoka kukimbia. Wala si wazoefu peke yao wafao: mara ya kwanza yaweza kuwa ya mwisho.

Basi amkutaye mwenziwe akivuta mvuke asimpigie kelele, wala asimfukuze, maana hofu yaweza kumwua. Amwongoze polepole mpaka penye hewa safi, amtulize, amwite mtu mzima. Mwenziwe akianguka asipumue, kifua chake kibanwe kwa nguvu na upesi, bila kukoma, mpaka msaada ufike.