Fizibo inalinda waya, si ampli

Leo sitaandika juu ya mihogo. Lakini agronomia njo ilinifundisha hii somo, tena karibu initoe machozi.

Miaka michache iliyopita tulipata kakazi ka kuzunguka vijiji vya Kabare, kuelezea wakulima ugonjwa wa mnyauko wa migomba: ondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, pitisha panga kwenye moto mbele ya kugusa mugomba mwingine. Siku ya soko watu ni wengi, mdomo hautoshi. Baba mdogo akatuazima Peugeot 504 yake, gari ya zamani anayoipenda kama mtoto. Tukaweka bafle mbili juu, ampli nyuma. Fundi mmoja wa kando ya barabara akavuta waya nyembamba toka batri mpaka kwa ampli. Fizibo akaiweka nyuma, karibu na ampli.

Mbele ya kufika Miti, harufu ya plastiki ikatujaa puani. Tukasimama, tukafungua kapo: moshi. Tukang'oa waya ya batri kwa kitambaa, mikono ikitetemeka. Ningemwambia nini baba mdogo?

Cha kushangaza, ile fizibo ilikuwa nzima! Waya ilipita kwenye tundu la chuma bila kipande cha mpira. Gari ikitikisika, chuma kikala plastiki, shaba ikagusa bodi. Umeme ukarudi kwa batri kupitia bodi, bila kufika kwenye fizibo. Batri ya gari inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja; waya nyembamba inageuka jiko.

Kwa hiyo, ukitaka kuunganisha ampli, shika haya:

1. Fizibo ikae karibu na batri, sentimita 20 au 30 tu. Kazi yake ni kulinda waya yote inayofuata.

2. Piga hesabu ya waya. Ampli ya wati 300 za kweli inaweza kuomba wati 600, sababu karibu nusu inapotea kama joto. Gawanya na volti 12: ampea 50. Waya ya shaba ya milimita mraba 2.5, urefu wa mita 4, itapoteza volti 1.4 na kutoa joto la wati 70. Ya milimita mraba 16 itapoteza volti 0.22 tu, joto wati 11. Kwa hiyo nene, fizibo ya ampea 60 inafaa. Fizibo isizidi kamwe nguvu ya waya.

3. Kila tundu la chuma liwekewe mpira. Waya ya masi iwe nene sawa na ile ingine, na pale unapoifunga kwa bodi, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae.

4. Mbele ya kazi, toa kwanza waya ya batri inayoenda kwa masi, uirudishe ya mwisho. Ukianza na ile ingine, ufunguo ukigusa bodi, cheche zitaruka.

5. Gari ya zamani sana, uliza kwanza. Kuna Volkswagen za zamani za volti 6, na gari za Uingereza ambazo masi yake ni upande wa chanya. Ampli ya volti 12 haitafanya kazi vizuri kwa volti 6, na pale masi ni chanya inaweza kuungua.

6. Mota ikiwa imezimwa, usiimbe sana. Batri ya ampea-saa 60, ukitumia ampea 20, kwa hesabu inafika saa 3. Lakini batri ya kuwasha mota haipendi kukaushwa. Ikifika saa moja, washa mota, ao mutasukuma gari mpaka nyumbani.

Sisi tulirudi mjini bila sauti. Tukanunua waya nene kwa pesa ya kakazi kote, na baba mdogo akasimama kando akihesabu kila skurubu.

Kisha muangalie na nyumbani kwenu. Kadutu tunajua moto unavyoruka toka nyumba moja ya mbao kwenda ingine. Fizibo ikikatika, wangapi tunaweka kipande cha waya tu ili televizyo irudi? Ile fizibo haikuharibika, wandugu. Ilikuwa inasema kitu. Tutafute kwanza inasema nini.